Jiwe la Msingi la Kituo cha Mitumba, Mtinko

Hii ni hotuba ya Bwana Gasto Kitundu, Mratibu Mkuu Mwandamizi wa Kanda wa Programu Jumuishi ya Uhamasishaji wa Vazi Mtambuka, aliyoitoa kwenye uwanja wa mnada, Mtinko, siku ya mnada wa mwezi wa sita. Karani wake hakuja, kwa hiyo nimeiandika mimi, Redempta, katibu wa kikundi cha akina mama wauza mitumba, kwenye daftari letu la mahudhurio. Maneno yote ni yake. Ya kwenye mabano ni yangu.

(Saa tano na robo asubuhi. Mgeni alitakiwa kufika saa mbili. Upepo ni ule wetu wa mwezi wa sita, unaingia mpaka kwenye mifupa. Mabelo yetu manane ya mitumba yako nje ya kamba ya programu, yamefungwa, kwa sababu barua ya programu inasema hakuna kufungua belo mpaka Mratibu azindue. Ndani ya kamba, pale tulipokuwa tukitandaza nguo miaka yote, hakuna kitu tangu mwezi wa nne isipokuwa leo, ambapo kuna jiwe limefunikwa pazia. Wateja wamejaa. Wameuza alizeti, hela wanazo, na wanatetemeka.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Paskali, Mheshimiwa Makamu wake kama yupo, na kama hayupo basi kiti chake, waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji, wenyeviti wastaafu wa vitongoji, na wale wanaotarajia kugombea uenyekiti wa vitongoji, ambao nawaona wamekaa mbele kuliko wote, waheshimiwa mashehe, mapadri, wachungaji na wainjilisti, ndugu wawakilishi wa wafugaji, wakulima wa alizeti, wakulima wa vitunguu, warina asali na wafanyabiashara wa kuku wa kienyeji, pamoja na kuku wenyewe ambao nawasikia wakishiriki kikamilifu, ndugu fundi spika, ndugu dereva wangu Benson aliyenifikisha salama, kwaya, kikundi cha ngoma, akina mama wauza mitumba, ambao ndio walengwa, wanufaika na wenyeji wetu, wageni waalikwa, wageni wasioalikwa, mabibi na mabwana.

Wapo viongozi wavivu ambao wakisimama mahali kama hapa husema itifaki imezingatiwa, wakaendelea na mambo yao, lakini mimi Gasto Kitundu sikulelewa hivyo, mimi itifaki naizingatia kwa mdomo wangu mwenyewe mpaka iishe, na kama yupo mtu ambaye sijamtaja naomba anyooshe mkono bila woga. (Mikono kumi na mitatu. Akawataja wote. Mmoja alitaka na ng'ombe wake atajwe, akatajwa.)

Sasa basi, baada ya hayo machache ya utangulizi, naomba niingie moja kwa moja kwenye maelezo ya awali yatakayotupeleka kwenye dibaji.

(Mzee Melkiori, mfugaji, akasimama na fimbo yake. Akasema: "Mwanangu, umemtaja dereva, umewataja kuku, umemtaja ng'ombe wa Joseph. Sisi wazee mbona hujatuamkia?" Wenyeviti wakatazama chini. Hata fundi spika aliinamisha kichwa kwa aibu, na hakuwa na kosa lolote.)

Shikamooni wazee wangu! (Marahaba.) Shikamooni sana! (Marahaba, kaa salama.) Mzee wangu, naomba ieleweke kwamba shikamoo yenu ilikuwepo, imeandaliwa, imepitishwa na kamati, na ipo ukurasa wa nne. Nimeileta mbele kwa dharura. Hiyo ndiyo tofauti ya programu yetu na programu nyingine, kwamba sisi tukikosolewa na jamii tunabadilika papo hapo, na jambo hilo kitaalamu linaitwa fidibaki.

Ndugu zangu wananchi wa Ulemo! (Watu wengi kwa pamoja: "Mtinko!") Mtinko, ahsanteni, hiyo nayo ni fidibaki. Ndugu zangu wananchi wa Mtinko, nimekuja leo kuwahamasisha, kuwaelimisha, kuwashawishi na ikibidi kuwasihi, kwamba muda umefika wa kulipokea vazi la mtumba kwa mikono miwili, mabega mawili na, kwa upande wa suruali, miguu miwili. Nimekuja kuwaomba muache woga. Najua wapo miongoni mwenu ambao hawajawahi hata siku moja kuvaa mtumba. Nawaomba hao wanyooshe mikono ili tuanze nao. (Hakuna aliyenyoosha. Watu wakageukiana. Mtoto wa Ritha alinyoosha, mama yake akamshusha mkono akamwambia, "Hiyo kaptula yako unadhani imetoka wapi?")

Naona wanaona haya. Ni kawaida kabisa katika hatua hii. Kule Ulemo pia walianza hivyo hivyo.

(Mzee Melkiori, bila kusimama safari hii: "Mwanangu, hili koti nililonalo nilinunua mtumba kwa mama yake Bi Ziada, wewe hujaanza shule. Sasa unanihamasisha nifanye nini, nilivae juu ya lenyewe?" Kicheko kikubwa. Bi Ziada mwenyewe, mwenyekiti wa kikundi chetu, mtu wa Singida mjini aliyerithi biashara hii kwa mama yake, alicheka kidogo tu. Alikuwa anaangalia belo lake.)

Mzee wangu, hapo umegusa kiini. Wewe umekuwa ukivaa mtumba, ndiyo, lakini umekuwa ukiuvaa kienyeji, yaani bila mwongozo, bila mkakati na bila mpango kazi, umeamka tu asubuhi umeona baridi ukachukua koti ukavaa. Programu yetu inataka utoke huko, uingie kwenye uvaaji wenye tija. Wataalamu wetu wamekaa semina elekezi ya siku tisa, kwenye hoteli yenye utulivu, wakauchambua uvaaji wa mtumba katika hatua tatu ambazo ningewaonesha kwa pawapointi kama kungekuwa na ukuta. Hatua ya kwanza, mwananchi ananunua nguo. Hatua ya pili, mwananchi anaifua. Hatua ya tatu, na hapa ndipo penye mvutano wa kitaalamu, mwananchi anavaa. (Makofi ya wenyeviti. Akina mama tukatazamana.)

Na msidhani tunasema bila takwimu. Mimi binafsi nilipokuwa natoka Singida mjini leo nilifanya utafiti wa kina kupitia dirisha la gari, upande wa kushoto, ambako Benson alikuwa amenifungulia kioo, nikabaini kwamba kati ya watu mia mbili na kumi na saba tuliowapita, watu mia mbili na kumi na sita walikuwa wamevaa nguo, na yule mmoja aliyebaki alikuwa anaoga mtoni, kwa hiyo tumemuweka kwenye kundi la wanaotarajiwa. Hiyo ni asilimia tisini na tisa nukta tano, na ukichanganya na upande wa kulia, ambao sikuuona lakini nauamini, tunapata asilimia mia moja na tisini na tisa. Nawauliza, ni programu gani nyingine katika kanda hii iliyofikisha asilimia mia moja na tisini na tisa ndani ya faza ya kwanza? (Kwaya, ambao waliahidiwa soda, wakaimba ubeti mmoja.)

(Saa sita na nusu. Bi Ziada akanyoosha mkono kwa adabu, akapewa kipaza sauti kwa makosa. Akasema: "Mheshimiwa, samahani kwa kukukatisha. Mabelo tunafungua saa ngapi? Wateja wametoka mbali, malori yao yanaanza kuondoka saa nane. Na mimi belo langu ni la masweta. Mnada mwingine ni mwezi ujao mwishoni, baridi itakuwa inaisha. Mwezi wa nane sweta nitamvalisha nani? Nimeweka mtaji wote humo." Akarudisha kipaza sauti, akakaa.)

Swali zuri sana. Swali zuri mno. Naomba lipigiwe makofi swali hilo. (Likapigiwa.) Hilo ndilo tunaloliita swali mtambuka, na jibu lake limo ndani ya hotuba, kuelekea mwisho, kwa hiyo mama yangu vuta subira. Niko ukurasa wa nne.

Shikamooni wazee wangu. (Marahaba, mara ya pili. Mzee Melkiori akaniuliza pembeni kama mgeni huyu ni mzima.)

Ndugu wananchi, sasa niwape ujumbe uliotuleta. Mtakumbuka kwamba mwezi wa nne programu ilituma barua ya kuwaomba akina mama hawa wapishe eneo hili, ili pajengwe Kituo cha Kisasa cha Mitumba, na akina mama bila kinyongo wakapisha, wakaenda kutandaza turubai zao kule barabarani kwenye vumbi, ambako magari yakipita nguo nyeupe inakuwa ya kaki. Huo ni uzalendo. Tukafunga kamba kuzunguka eneo lote. Na leo nathubutu kuwatangazia, mbele ya kuku na mbele ya binadamu, kwamba kituo hicho kitakuwa na vibanda sitini, mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, mlango wa viongozi, chumba cha kujaribia nguo chenye komeo, kioo cha kujitazama mbele, kioo cha kujitazama nyuma, na ofisi ya Mratibu yenye zulia. Tazameni mchoro wake hapo kwenye bango! (Bango likashikwa na watu watatu kwa sababu ya upepo. Ni jengo zuri kweli, la vioo, limezungukwa na minazi.)

(Maryam, mwenzetu wa viatu: "Mheshimiwa, hiyo minazi hapa Mtinko itaota?")

Minazi ni faza ya pili, mama. Faza ya kwanza ni jengo. Tusichanganye mafaili.

Nirudi kwenye faida za kuvaa mtumba, ambazo ziko kumi na nne, nami nitazitaja ishirini. Mtumba ni imara, kwa kuwa umeshavaliwa na mtu mwingine na haukumshinda. Mtumba una uzoefu. Nguo mpya inatoka kiwandani haijui chochote, haijawahi kunyeshewa, haijawahi kukaa kikaoni, lakini mtumba umesafiri, umepanda meli, umeona nchi za watu, na unapouvaa wewe mkazi wa Mtinko unakuwa kwa namna fulani umejengewa uwezo. Mtumba unaunganisha mataifa. Mtumba hauna majivuno. Mtumba ukichanika huulizwi, na ukipotea hulii sana. Ndiyo maana nasema, na wanahabari kama wapo waandike, mwananchi asiyevaa mtumba anajichelewesha mwenyewe kwenye mnyororo wa thamani.

(Bi Ziada tena, safari hii bila kipaza sauti, lakini yeye sauti ya mnadani anayo: "Na wewe mheshimiwa leo umevaa mtumba upi?")

(Mratibu amevaa suti ya rangi ya maziwa, nyepesi kama karatasi, inapepea kwa upepo. Lebo ya kiwandani bado imeshonwa kwenye mkono wa kushoto.)

Nashukuru umeuliza. Mimi, kama mnavyoona, nimevaa mpya. Lebo hii hapa sijaibandua makusudi, kwa misingi ya uwazi na uwajibikaji, ili mwananchi yeyote akitaka kukagua akague. Nawaomba mnielewe. Mimi ni mtunga sera. Mtunga sera akianza kuzitekeleza mwenyewe, nani atabaki kuzisimamia? Ningetamani sana kuvaa mtumba, nalala nautamani, naamka nautamani, lakini nafasi niliyopewa hainiruhusu. Nyinyi mnayo bahati hiyo. Itumieni. (Hapa alipiga chafya, mbili mfululizo. Wenyeviti wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya hotuba.)

(Saa nane. Lori la kwanza limeondoka na watu wake, wamekumbatiana kwa baridi, hela zao mfukoni. Bi Ziada aliliangalia mpaka likapotea. Mimi namfahamu Bi Ziada miaka kumi na moja na sijawahi kumuona kimya siku ya mnada, na niliumia sana.)

Sasa tumefika kilele. Naomba wote tusimame kwa ajili ya tukio la kihistoria la kufunua jiwe la msingi. Jiwe hili, ndugu zangu, si jiwe la kawaida. Limechongwa kwa ustadi, lina herufi za dhahabu, lina jina langu, na lina uzito wa watu wanne. Likishafunuliwa hapa halitang'oka, litakaa miaka mia mbili, wajukuu wa wajukuu zenu watakuja kupiga picha hapa na kusema, kumbe babu zetu walipendwa. Ngoma! (Ngoma zikapigwa.) Kwaya! (Wakaimba, soda hazijafika.) Moja, mbili, tatu, fu...

(Hakuwahi kuvuta kamba ya pazia. Upepo ulimtangulia. Pazia likaruka, likaenda kumfunika Mheshimiwa Mwenyekiti mstaafu wa kitongoji. Karatasi iliyokuwa imebandikwa kwenye jiwe, imeandikwa MTINKO kwa kalamu nene, ikabanduka upande mmoja, ikapiga piga kama bawa la kuku, ikaondoka. Chini yake kulikuwa na herufi za dhahabu kama alivyosema. Rahimu, anayesoma kidato cha pili, akasoma kwa sauti, kwa faida ya wote: "Jiwe hili la msingi la Kituo cha Kisasa cha Mitumba, ULEMO, limewekwa na Mratibu Mkuu Gasto Kitundu, mwezi wa kwanza.")

Tulieni. Tulieni wananchi. Naomba utulivu. Fundi spika, ongeza sauti, punguza watu.

Naomba nifafanue. Je, tangu asubuhi nimekuwa nikiwahamasisha kuhusu nini? (Sauti: "Mitumba!") Je, mtumba ni nini? Ni kitu kilichotumika na mwingine, kikiwa bado kizima, kikahamia kwako. Sasa mnashangaa nini? Hili jiwe ni mtumba! (Kicheko, kelele, vigelegele.) Sisi katika programu hii hatuhubiri tusichokitenda! Jiwe ni mtumba, limetumika Ulemo mara moja tu, halina ufa. Bango la mchoro ni mtumba, lilikuwa kalenda. Na hotuba hii, kama wenye masikio walivyogundua pale mwanzoni, ni mtumba wa gredi ya kwanza, imetumika mara nane tu na haijachanika popote. Mlitaka mfano wa kiongozi, mfano ni huu!

(Nakiri nilicheka mpaka daftari likaanguka. Lakini Bi Ziada alikuwa amesimama, ameshika kiuno. Akauliza: "Mheshimiwa, kituo cha Ulemo kimejengwa?")

Ulemo, mama yangu, wako hatua nzuri sana. Wako hatua ya jiwe.

("Lakini jiwe liko hapa.")

Basi wameivuka hatua hiyo.

("Na kwingine ulikopita, wamejengewa?")

Programu imefanya uzinduzi mara tisa katika miezi sita, kwa jiwe moja, pazia moja na dereva mmoja, na hakuna programu nyingine katika ukanda huu iliyofikia ufanisi huo wa matumizi ya raslimali. Mimi mwenyewe nilipendekezwa kupewa cheti, na barua ya mapendekezo niliiandika vizuri. Sasa kwa kuwa muda umetutupa mkono, naomba niruke kurasa za faida zilizobaki, niende kwenye kaulimbiu na shukrani. Nikisema Mtumba, mnaitikia Vaa! Mtumba!

(Sisi akina mama wote kwa pamoja: "Tufungue!")

Hapana, ni Vaa. Turudie. Mtumba!

("Tufungue!")

Vazi mtambuka!

("Tufungue!" Sasa na wanaume wameitikia, na kwaya.)

Sawa, roho ya kaulimbiu nimeipata. Nije kwenye shukrani. Kwanza kabisa nawashukuru wafadhili wetu wa ndani na nje, ambao nina hakika watafurahi sana siku watakapopatikana. Namshukuru mkandarasi, ambaye hayupo hapa leo kwa sababu hajawahi kuwepo. Namshukuru mhandisi wa majengo kwa upembuzi yakinifu alioufanya kwa kutokuja. Naishukuru kamati ya fedha, ambayo imekuwa na kazi nyepesi kuliko kamati zote. Na kwa namna ya pekee kabisa niwashukuru nyinyi wananchi wa Ule... wa Mtinko, kwa kuulinda mradi huu usiku na mchana tangu mwezi wa nne, mradi ambao, tuseme ukweli sasa kwa kuwa tumezoeana, haukuwahi kuwepo hata kwenye karatasi, na bado mmeulinda kwa uaminifu mkubwa, hakuna tofali lililoibwa, hakuna nondo iliyopotea, hakuna mfuko wa saruji uliohujumiwa. Mahali penye miradi ya kweli hatujapata uaminifu wa namna hiyo.

(Bi Ziada akasema, taratibu, kama mtu anayehesabu kitu kichwani: "Kumbe mradi haupo.")

Haupo kwa sasa.

("Haujawahi kuwepo.")

Kiufundi.

("Basi hiyo kamba inalinda nini?")

(Hakungoja jibu. Akachukua kisu chake, akakata mikanda ya belo, belo likafunguka na sauti ile tunayoijua sisi tu wa biashara hii, kama mtu aliyebana pumzi akaiachia. Masweta yakafumuka. Mekundu, ya kijani, ya mistari, yenye kofia, yasiyo na kofia. Akachukua la kwanza akalitundika kwenye kamba ya mradi. La pili. La tatu. Kamba imezunguka uwanja mzima, imekazwa vizuri kwenye nguzo, na katika maisha yetu yote ya kutandaza chini hatujawahi kupata kamba ndefu namna hiyo. Maryam akafungua la viatu. Radhia akafungua la mashuka. Mimi nikafungua langu kwa mkono mmoja, mkono mwingine unaandika.)

Akina mama, naomba... Hiyo ni kamba ya programu. Kamba hiyo ina namba ya mali. Kamba hiyo inatakiwa kwenye uzinduzi wa Misigiri Jumamosi saa mbili kamili. (Ilikuwa na masweta arobaini tayari, nimeyahesabu baadaye.) Basi angalau naomba vijana wanne wenye nguvu waliinue jiwe la msingi walirudishe kwenye gari, taratibu, wasilikwaruze, maana Misigiri wanalisubiri na karatasi yao nimeshaiandika. Benson, weka godoro chini.

(Saa tisa kasoro. Dereva wa lori la pili alikuwa amewasha injini. Watu walioko juu wakaona masweta kwenye kamba yanapepea. Wa kwanza kuruka chini alikuwa Joseph, yule wa ng'ombe. Kisha wote. Dereva akazima injini, naye akashuka, akauliza kama kuna la shingo ndefu. Bi Ziada akapaza sauti, ile sauti yake ambayo tangu asubuhi nilikuwa naitafuta: "Njoo uchague mwenyewe! Baridi hailipiwi, sweta ndiyo inalipiwa! Baba mzee, hilo limekupenda! Chagua, jaribu, vaa hapo hapo!" Nilitokwa na machozi nikasingizia upepo.)

Ndugu wananchi, bado sijafunga. Naomba mnisikilize kwa dakika mbili za mwisho. Hata kama mmenipa mgongo, naomba mnisikilize kwa mgongo. Napenda kutamka rasmi kwamba kwa mamlaka niliyo... (chafya) ...kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba soko la mitumba la Mtinko limezinduliwa, na liingizwe kwenye ripoti ya mafanikio ya programu, kama lilivyo, pamoja na vibanda sitini ambavyo ni hiyo kamba. Uhamasishaji umefanikiwa. Wananchi wameupokea mtumba. Naona kwa macho yangu mzee aliyekuwa mbishi asubuhi anavaa la pili. (Kweli, Mzee Melkiori alikuwa amevaa sweta juu ya koti. Akapiga saluti kwa fimbo.) Nilisema nini? Nilisema mtapokea!

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Ahsante Mwenyekiti. Ahsante Mwenyekiti mstaafu, naomba lile pazia. Ahsanteni kwaya, soda zenu zipo kwenye mchakato. Mungu awabariki, awabariki na... (chafya tatu). Fundi, zima spika. Zima. Imezimika?

(Haikuwa imezimika. Kwa hiyo uwanja mzima, na lori, na kuku, tulimsikia akisogea kwenye kamba na kipaza sauti mkononi, akisimama mbele ya sweta moja nene la bluu lenye picha ya swala mwenye pembe kubwa anakimbia kwenye theluji, akilishika mkono wake, akiligeuza kuangalia mshono kama mtu aliyezoea kazi hiyo tangu utotoni, kisha akisema kwa sauti ya chini, sauti ya kawaida kabisa ya mtu wa kwetu, ya kwanza siku nzima:)

Bi Ziada, dada yangu, hili la swala, mwisho wake shilingi ngapi?